Pumzi ya Rochereau

Mwaka 2007 kampuni ya Sterns ya London ilitoa albamu ya diski mbili iitwayo The Voice of Lightness: nyimbo za mwimbaji wa Kongo Tabu Ley Rochereau za kuanzia 1961 hadi 1977, zilizochaguliwa na Ken Braun na kusafishwa upya. Mkusanyiko wa pili, unaofika 1993, ukafuata mwaka 2010. Mzee alikuwa bado hai zote mbili zilipotoka. Alifariki Novemba 2013. Nyimbo zenyewe zimekwisha kusifiwa sana, na wazee wetu waliozicheza Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi hawahitaji kufundishwa uzuri wake. Sifa ninayotaka kuitoa ni ya fundi mitambo, yule anayekaa na santuri kuukuu mpaka mwimbaji aliyemo ndani yake arudi kuwa mtu mwenye mapafu.

Kwanza tutazame anachopewa fundi. Kinshasa ya miaka ya 1960 ilirekodi muziki mwingi kuliko ilivyouhifadhi. Tepu mama nyingi zilipotea au kuharibika, na mara nyingi kilichobaki ni santuri ya inchi 7, ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyopigwa baa hadi mifereji yake ikalika. Kazi basi huanza kwa kutafuta, nakala moja hapa na nyingine kule, maana santuri za Kikongo zilichapwa Ulaya na Nairobi pia, na nakala mbili za wimbo mmoja zinaweza kutofautiana besi na mng'ao. Majina nayo yanapotosha. Kwenye lebo za mwanzo yeye ni Rochereau, jina la utani la shuleni; baada ya Mobutu kuagiza watu warejee majina ya asili, ni Tabu Ley. Bendi ni African Jazz ya Joseph Kabasele, halafu African Fiesta aliyoianzisha na mpiga gita Dr Nico mwaka 1963, halafu African Fiesta National walipoachana, halafu Afrisa. Asiyeijua safari hii atakusanya nusu ya mtu.

Santuri ikishapatikana huoshwa, kisha huchaguliwa sindano. Sindano yenye ncha tofauti kidogo huweza kugusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano za zamani hazikuila, na humo sauti ingali nzima. Baada ya hapo ni kasi. Santuri ikizunguka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hupanda kwa nusu toni, na mwanamume aliyekomaa husikika kijana. Tundu la katikati likiwa limetobolewa upande kidogo, sauti huyumba katika kila mzunguko. Fundi husikiliza magita na kuisogeza kasi kidogo kidogo, hadi magita na koo vikae mahali pake.

Halafu kuna mshono, na hapa naomba nikae kidogo. Upande mmoja wa santuri ndogo haukuutosha wimbo wa Kikongo. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa mbili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea. Wachezaji walilazimika kungoja sahani igeuzwe, wakati miguu imekwisha kupata moto. Fundi wa leo huziunganisha pande hizo, na si kazi ya kubandika tu. Upande wa kwanza unapoisha, sindano imekaribia katikati ya sahani. Huko mfereji hupita polepole, sauti hufifia na herufi s hukwaruza. Upande wa pili huanzia ukingoni, ambako sauti ni pana na inang'aa. Ukiziunga hivihivi, msikilizaji huhisi amehamishwa chumba. Inabidi mwisho uangaziwe na mwanzo utulizwe, sekunde kwa sekunde, mpaka ubeti wa mwisho uingie kwenye sebene bila mtu kujua kwamba palikuwa na pengo. Fundi hutumia saa nyingi kwa jambo ambalo, likifanikiwa, hakuna atakayemshukuru kwalo.

Mikwaruzo na mvumo ndivyo vinavyompima hasa. Programu za siku hizi zinaweza kuvifuta vyote, na ndiyo maana nampenda fundi anayejizuia. Mvumo wa santuri na pumzi ya mwimbaji hukaa jirani, kule juu kwenye sauti nyembamba, na programu haijui ni ipi takataka na ipi ni uhai. Ukiufuta mvumo bila huruma, pumzi nayo huenda. Mwimbaji wa kupaza angesalimika. Tabu Ley asingesalimika, kwa sababu ufundi wake wote umo humo: haisukumi sauti, anaiweka juu, nyepesi, karibu na maikrofoni, na neno la mwisho la mstari hulimalizia kwa hewa. Wengi wetu tusiojua Kilingala tulimpenda kwa hewa hiyo.

Sikiliza Mokolo Nakokufa, wimbo wa 1966 unaotaja siku ya kufa. Hapo anaingia ndani ya watu mbalimbali, fukara, tajiri, mlevi, na kila mmoja anaiwaza siku yake. Alikuwa hajafika miaka 30. Mwimbaji mwingine angelia. Yeye anausogeza wimbo kwa upole, karibu kwa adabu, na tofauti ya mtu na mtu imo katika namna anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Kwenye kanda za kunakili tulizokuwa nazo, pumzi hizo zilikuwa zimezama kwenye mvumo. Katika mkusanyiko wa kwanza zinasikika, na mvumo kidogo umeachwa chini yake. Fundi angeweza kuukausha wimbo wote ukawa safi kama maji ya chupa. Hakufanya hivyo, na ninamheshimu kwa hilo.

Jingine ni ukubwa wa sauti. Kuna mtindo wa kuibana sauti ili kila kitu kisikike kikali mfululizo, na albamu nyingi za kale zimeuawa hivyo. Muziki wa African Fiesta National haustahimili ubanaji huo. Tabu Ley akiitikiwa na Sam Mangwana, mmoja huwa mbele na mwenzake nyuma kidogo, na nafasi hiyo kati yao ndiyo inayoleta utamu. Ukiwapandisha wote sawa unapata kelele za watu wawili.

Mkusanyiko wa pili ni mzuri, una sauti ya Mbilia Bel, una Afrisa iliyoshiba vyombo. Lakini mimi narudi zaidi kwenye ule wa kwanza, hasa diski yake ya kwanza, kwa sababu huko vyombo ni vichache na kila kosa la fundi lingeonekana wazi. Anayetaka kuusikia ufundi huu aanzie hapo, kwa spika na si kwa simu, na asiongeze besi.