Bioinfomatiki ya kikanda: darasa la Goma liko wapi?

Ba agronome wenzangu, mnyauko wa migomba ulishambulia Uganda na Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haukuomba viza. Kujua ulikotoka kunataka kusoma DNA ya bakteria kwa kompyuta: njo bioinfomatiki.

Mtandao wa H3ABioNet, hata kama ni wa afya ya binadamu, ulionyesha njia: kozi yake ya 2016 ilifika nchi 10 za Afrika, mwalimu kwa intaneti, msaidizi darasani. Kasoro ni lugha: ilifundishwa kwa Kingereza, na siye tulisoma kwa Kifaransa.

Congo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kualika mtu mmoja Nairobi hakutoshi. Tudai darasa hapa Goma, na msaidizi anayeeleza kwa Kifaransa na Kiswahili. Bila hiyo tutabaki kutuma majani, wengine wasome majibu. Munasema nini?