Mguso Kwanza, Dagaa Baadaye

Kosa linaloharibu jitihada nyingi za kumzoesha mtoto wa mbwa kusafishwa masikio ni dogo kiasi kwamba anayelifanya halioni: anatanguliza chakula. Anamwekea dagaa puani, mbwa anaanza kula, kisha mkono wa pili unaingia sikioni. Inaonekana ni hila nzuri. Kumbe mbwa anajifunza somo jingine kabisa, kwamba dagaa wakionekana, sikio litavutwa. Haipiti muda anaukimbia mkono, na dagaa pia hawataki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bobi, mbwa wa jirani yangu hapa Arusha, chotara mwenye masikio marefu yaliyolala. Alikuja kwa jirani akiwa na miezi minne hivi. Huko alikotoka alikuwa akikandamizwa chini na watu wawili huku wa tatu akimmiminia dawa baridi sikioni. Alifika akifyata mkia kila chupa ilipofunguliwa, hata iwe ya mafuta ya kupikia. Jirani yangu ni mtu mpole na alimbembeleza kwa kila namna. Upole ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mpangilio, na huo ndio ninaotaka kuuchambua, kwa sababu ndio uliombadilisha Bobi pale sebuleni bila kifaa chochote cha gharama.

Kabla ya yote alipelekwa kwa daktari wa mifugo. Hatua hii hairukwi. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima kwanza, kisha hukata kona kuelekea kwenye kiwambo cha sikio, kwa umbo la herufi L. Nta na unyevu hukaa kwenye kona hiyo, na sikio lililolala linazuia hewa. Fangasi na bakteria wakistawi humo, sikio huwa jekundu, hunuka na kuuma. Utitiri wa masikio nao huacha uchafu mkavu, mweusi, wenye chengachenga. Mbwa mwenye maumivu hatazoea kuguswa, maana kila mguso unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Daktari huangalia pia kama kiwambo ni kizima, kwa kuwa baadhi ya dawa zikipenya kwenye tundu lake zinaweza kudhuru sikio la ndani. Bobi alikutwa na nta kidogo tu. Hofu ndiyo iliyobaki kutibiwa.

Umri wake haukusaidia. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha mwaka 1965 kitabu kilichoeleza kwamba mtoto wa mbwa huzoea watu na mambo mapya kwa wepesi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Mlango huo haufungwi kwa komeo, lakini kipindi hicho kikishapita, kila jambo linadai subira zaidi. Anayepata mbwa wa wiki nane ana bahati kubwa, na ningependa aitumie tangu siku ya kwanza, kabla sikio halijahitaji kusafishwa.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni jinsi hofu yenyewe ilivyochambuliwa. Tunasema mbwa anaogopa kusafishwa masikio kana kwamba hilo ni jambo moja. Kwa Bobi yalikuwa mengi yaliyoshonwa pamoja: chupa inayoonekana, mkono unaotokea juu ya kichwa, kushikwa asiweze kuondoka, ubaridi wa maji, na ile sauti ya majimaji ndani ya mfereji ambayo sisi wa nje hatuisikii. Kila moja lilifundishwa peke yake. Chupa, ikiwa imefungwa, iliwekwa sakafuni mbali, Bobi akiitazama anapewa chakula, ikaondolewa. Baadaye ikasogezwa, ikatikiswa, ikafunguliwa, bila tone hata moja kumgusa. Wakati mwingine, mbali na chupa, kazi ilikuwa ya mkono tu. Ulianzia begani, mahali ambapo Bobi hakuwa na neno, ukapanda shingoni, shavuni, kwenye shina la sikio, ndipo ukalinyanyua sikio na kulirudisha. Kisha ikaja pamba kavu, halafu pamba yenye maji ya uvuguvugu. Chupa na mkono vilikutanishwa mwishoni kabisa, kila kimoja kikiwa kimeshazoeleka.

Ndani ya kila hatua mpangilio ulikuwa huohuo. Mkono wenye chakula unatulia nyuma ya mgongo. Mkono mwingine unagusa, unaondoka, ndipo chakula kinatokea. Bila mguso, hakuna karamu. Ivan Pavlov, aliyewatumia mbwa katika utafiti wake huko Urusi, alionyesha kwamba ishara inayotangulia chakula hujenga matarajio ya chakula. Ishara ikichelewa, chakula kikawa tayari mdomoni, haitabiri chochote. Na pale chakula kinapotangulia jambo la kutisha, chakula chenyewe kinageuka ishara ya hatari. Mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliligusa suala hili mwaka 1924, alipomsaidia mtoto aliyeitwa Peter kuacha kumwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula akipendacho, sungura akawekwa mbali asikoweza kumsumbua, kisha akasogezwa taratibu. Jones alionya kwamba mtu asiye makini anaweza kupata matokeo ya kinyume, mtoto akaanza kukiogopa chakula. Jirani yangu alikuwa amefika hapohapo na dagaa wake. Ilibidi waachwe kwa muda, Bobi akaanza upya kwa vipande vya maini yaliyochemshwa bila chumvi, vidogo kama punje za mahindi. Dagaa walirudi baadaye, baada ya harufu yao kusahaulika kama onyo.

Kasi ilipangwa na Bobi. Mbwa hasemi ghafla kwamba amechoka. Husema mapema, kwa lugha ambayo wengi wetu tunaipita. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Anajilamba midomo wakati hakuna chakula. Anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, au anakauka tu, na huku kukauka ndiko watu hukuita utulivu. Bobi alipokauka mkono ulipofika shavuni, kazi ilirudi shingoni na kuishia hapo kwa siku ile. Vipindi vilikuwa vifupi sana, vilikwisha angali anataka kuendelea. Ninaamini watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya kufurahia maendeleo: mbwa amekubali hatua moja, wanamwongezea tatu.

Kuna jambo lililoongezwa ambalo mwanzoni jirani hakulipenda. Taulo lilikunjwa likawekwa juu ya kigoda, Bobi akafundishwa kulaza kidevu hapo. Kidevu kikilala, mkono unaruhusiwa kuja. Kikinyanyuka, mkono unaondoka papo hapo, bila kumfuata na bila kumgombeza. Wafunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama hutumia mbinu za namna hii ili wanyama wakubwa wakubali sindano bila kufungwa kamba. Hofu ya jirani ilikuwa kwamba mbwa akipewa nafasi ya kukataa, atakataa kila mara. Kwa siku za mwanzo ni kweli alinyanyuka mara kwa mara, kama anayepima kwamba ahadi ni ya kweli. Ilipothibitika kwamba kunyanyua kidevu kunatosha kuuondoa mkono, haja ya kunguruma na kukimbilia chini ya kochi ikaisha, na kidevu kikazidi kukaa. Kushikwa kwa nguvu kulikuwa nusu ya hofu yake. Kwa taulo lile, nusu hiyo iliondolewa bila kulumbana nayo.

Usafishaji wenyewe, siku ulipofika, ulikuwa mfupi kuliko maandalizi. Dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, ile aliyoielekeza daktari, ilipashwa joto kwa kuiweka chupa ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu. Sikio lilinyanyuliwa juu na kuvutwa nje kidogo ili kona ya mfereji inyooke. Dawa ikatiwa, shina la sikio likakandwa taratibu kwa kama nusu dakika, Bobi akaachwa ajikung'ute kwa raha zake, na pamba ikafuta kile kilichopanda, mahali kidole kinapofika na si zaidi. Vijiti vya pamba havina kazi hapa, kwa kuwa vinaisukuma nta kwenye kona. Spiriti inachoma, na haidroji peroksaidi inawasha ngozi laini ya ndani. Chochote kinachochoma kinabomoa mafunzo yote kwa tone moja. Sikio zima lisilo na uchafu halihitaji kusafishwa kila mara, na kulisafisha kupita kiasi kunaliwasha. Manyoya yaliyomo ndani ya sikio lenye afya nayo yaachwe. Kuyang'oa kunaweza kuleta uvimbe ambao haukuwapo. Kinachofaa kufanywa mara nyingi ni kugusa na kutazama, ili kupe au wekundu uonekane mapema.

Linabaki swali la mbwa ambaye sikio lake tayari linauma na dawa haiwezi kungoja wiki kadhaa za maini na taulo. Huyo atibiwe kwanza. Muulize daktari kama ipo dawa ya kudumu inayotiwa mara moja kliniki, au kama inafaa kumlaza usingizi kwa usafishaji wa kwanza. Ikilazimu kumshika nyumbani, ashikwe katika chumba kingine na juu ya kitambaa kingine. Mafunzo yaendelee pembeni, kwa sikio lisilouma, kwa mguso wa shingo na shavu tu, mpaka daktari aseme sikio lenye ugonjwa limepona.