Meno 13 kwa 42: jinsi boda ya mpakani ilivyoupanda Mlima Elgon

Kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Bungoma ni kama kilomita 30, na katika mwendo huo wote barabara kuu inapanda mita mia mbili hivi tu. Pikipiki iliyonunuliwa kwa kazi ya mpakani, ya kupitisha abiria kando ya foleni ya malori, haitoi jasho hapo. Kazi inaanza ukishaiacha Chwele au Kimilili nyuma, ukaelekea Kapsokwony, Kopsiro na hatimaye Chepyuk, ambako mashamba ya viazi, vitunguu na kahawa yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malaba na Busia ziko kwenye mita 1,200 hivi. Tofauti hiyo ya karibu kilomita nzima ya kwenda juu, boda huimaliza ikiwa na gunia mgongoni, mara nyingi kwenye changarawe, na chombo chenyewe kimeundwa kwa ajili ya tambarare.

Ukiuliza vijiweni inawezekanaje, jibu la kwanza litakuwa injini. Sikubaliani nalo. Injini ina sehemu yake, lakini mlima huu ulipandwa kwa kipande cha chuma cha meno 13, kwa namna ya kufunga mzigo, na kwa mguu wa kulia unaojua lini uiache breki. Nitaeleza kwa hesabu, kwa sababu hesabu zake si ngumu na zinaonyesha jambo ambalo macho hayalioni.

Tuanze na baiskeli, maana kazi hii yote ilizaliwa hapa mpakani miaka ya 1960, vijana wa Busia walipofunga mto kwenye keria ya baiskeli na kuwavusha watu kutoka geti moja hadi jingine. Mtu mwenye afya akikanyaga baiskeli kwa muda mrefu hutoa nguvu ya kama wati 100. Chukua baiskeli nzito ya chuma, mwenyewe na abiria wake: jumla kilo 150. Kwenye tambarare ya Busia wati 100 zinatosha na kubaki. Ipeleke kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani mita 8 juu kwa kila mita 100 za mwendo, na wati zile zile zitaisukuma kwa kilomita 3 kwa saa. Abiria akishuka atamtangulia. Ndiyo sababu baiskeli za abiria zilijaa Busia, Bungoma na Kisumu, na miteremko ya Elgon ikabaki ya punda na vichwa vya watu. Hata wakati wa magendo makubwa ya kahawa ya Chepkube, soko la mpakani, mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali ya Julai 1975 kuunguza mibuni ya Brazil na bei kupaa duniani kote, kahawa ya Uganda iliyovuka upande huu wa mlima ilibebwa mabegani na migongoni mwa punda. Fedha ilikuwepo kwa wingi. Kilichokosekana ni chombo.

Chombo kilikuja baada ya serikali ya Kenya kuondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi 250 cc mwaka 2008. Bajaj Boxer na TVS zikafurika. Boxer ya 150, ambayo kwa kweli ni 144.8 cc, ina nguvu farasi 12 hivi, karibu kilowati 9. Sasa weka pikipiki ya kilo 120, mwendeshaji wa kilo 70 na gunia la viazi la kilo 90: jumla kilo 280. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, juu ya changarawe, kuisukuma kwa kilomita 20 kwa saa kunahitaji kilowati 2 tu. Hata mwinuko ukiwa asilimia 20, ambao ukitembea kwa miguu unakukata pumzi, ni kilowati 3.5. Injini haijatumia hata nusu ya ilicho nacho.

Basi kwa nini pikipiki hiyo hiyo inazimika katikati ya kilima? Kwa sababu zile farasi 12 hupatikana injini ikizunguka kasi sana, kama mara 7,500 kwa dakika, ilhali mlimani mwendo ni wa polepole. Mwendo ukishuka, injini inazunguka taratibu na nguvu inayofika kwenye gurudumu inapungua. Mwendeshaji anakaba klachi nusu ili kuipa injini nafasi ya kuzunguka, sahani za klachi zinateleza zikiwa zimelowa oili, zinapata moto, na baada ya wiki chache harufu ya kuungua inamwambia aende kwa fundi. Nguvu ipo, ila haiko mahali inapotakiwa.

Na mlima wenyewe unachukua ushuru wake. Hewa ya mita 2,200 ni nyepesi kuliko ya Malaba kwa karibu asilimia 10, na injini ya kabureta huvuta hewa kwa ujazo ule ule popote ilipo. Hewa ikipungua asilimia 10, mvuto nao unapungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana mwendeshaji wa Malaba anayepanda mara ya kwanza hudhani petroli aliyouziwa imechanganywa na mafuta ya taa. Kabureta nayo, kwa kuwa tundu lake la petroli, yaani jeti, halibadiliki, humimina petroli nyingi kidogo kuliko inayoendana na hewa iliyopo, kama asilimia 5 kwa tofauti ya kimo tunayoizungumzia. Hiyo inatosha kuipaka plagi weusi, lakini haitoshi kumfanya mtu achokonoe jeti. Wanaochokonoa jeti kwa ajili ya Kapsokwony huharibu zaidi ya wanavyotengeneza. Safisha plagi, safisha ea klina, basi.

Dawa yenyewe iko kwenye cheni. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Sproketi ya mbele inazunguka mara 3 kamili ili gurudumu lizunguke mara moja. Toa ile ya 14, weka ya 13: sasa ni mara 3.23. Msukumo kwenye gurudumu umeongezeka kwa asilimia 7.7, na mwendo wa juu kabisa umepungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Rudi sasa kwenye ile asilimia 10 iliyochukuliwa na hewa nyepesi. Ukizizidisha pamoja, pikipiki yenye meno 13 ikiwa kwenye mita 2,200 inavuta kwa asilimia 97 ya ilivyokuwa ikivuta Malaba ikiwa na meno 14. Fundi wa chini ya mti, bila chombo chochote cha kupima hewa, ameirudishia pikipiki sehemu kubwa ya kile mlima ulichochukua.

Ukimwona akifanya kazi hiyo, ni ya dakika chache. Anaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, analegeza ekseli ya nyuma, anafungua kifuniko cha pembeni ambacho ndani yake kuna uji mweusi wa vumbi na grisi, anaukwangua kwa bisibisi. Sproketi ndogo imeshikwa na kibati na bolti mbili. Anaitoa, anaishika juu ya mwanga na kuangalia meno: yakiwa yamelala upande mmoja, yamechongoka kama ncha ya mundu, hatakubali kuweka mpya ya mbele peke yake, maana cheni iliyokwisha kurefuka itaila kwa wiki mbili. Kisha anarudisha gurudumu nyuma, kwa sababu sproketi ikiwa ndogo cheni inabaki ndefu, na anaipima kwa kidole iwe na mchezo kidogo tu katikati.

Kuna njia ya pili: acha mbele 14, weka nyuma ya meno 45. Hesabu inatoa asilimia 7.1, karibu sawa. Mimi ningeichagua hii, kwa kuwa cheni inayojipinda kwenye duara dogo la meno 13 huchakaa mapema zaidi. Lakini sproketi ya nyuma ni ghali na kuifunga ni kazi kubwa zaidi, na mtu anayeshuka Malaba wiki hii na kupanda Chepyuk wiki ijayo anataka kitu cha kubadilisha kwa haraka. Naielewa sababu yake, ingawa namsihi asisahau oili ya cheni.

Mzigo unataka akili kuliko injini. Pikipiki ikipanda mwinuko wa asilimia 20, uzito unahamia nyuma. Kwa chombo chenye mita moja na robo kati ya magurudumu, na uzito uliokaa sentimita 80 kutoka ardhini, kinachohama ni kama asilimia 13 ya uzito wote. Gunia likiwa limefungwa nyuma kabisa kwenye keria, gurudumu la mbele kwenye tambarare hubeba labda robo ya uzito. Kilimani linabaki na moja ya nane. Usukani unakuwa mwepesi, unakata kona pikipiki haikati, na jiwe moja linatosha kuliinua gurudumu hewani. Ndiyo sababu waliozoea hulilaza gunia juu ya siti ya abiria, wakalivuta hadi liguse mgongo, nao wenyewe wakakaa karibu juu ya tangi. Kamba haiaminiki. Kinachofunga ni mipira ya tyubu kuukuu, inayovutwa hadi inalia, kwa sababu mpira unaendelea kubana hata viazi vikijipanga upya ndani ya gunia.

Mvua ikinyesha, hesabu zote hizi zinasimama. Udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madgadi hadi gurudumu likafungwa, na wapo wanaoizungushia tairi ya nyuma cheni kuukuu ili iume tope. Wengi husubiri jua, na wanafanya vizuri.

Kupanda, kwa hiyo, kuna majibu. Kinachonitia hofu ni kushuka, na hapo ndipo ningependa wamiliki wa pikipiki wanaowapa vijana chombo kwa hesabu ya siku wasikilize kwa makini. Kilo 280 zikishuka mita 1,000 hutoa nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji baridi. Sehemu yake inaliwa na msuguano wa tairi na upepo. Inayobaki lazima iende mahali, na kama injini haiibebi, inaishia kwenye dramu mbili za breki ambazo kipenyo chake hakifiki shubiri. Dramu ikipata moto inatanuka, inazikimbia breki shuu, na shuu zenyewe zikiunguzwa hupoteza mkwaruzo. Mwendeshaji anakanyaga, pedeli inashuka zaidi ya kawaida, pikipiki haipungui. Akisimama kwa bahati, baada ya robo saa breki imepona, na fundi akiifungua haoni kasoro. Ajali nyingi za namna hii huandikwa kuwa ni mwendo wa kasi, na chanzo kilikuwa joto.

Desturi inayoua ni ya kuzima injini na kushuka na frii ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa katika mteremko mmoja ni sehemu ndogo ya lita. Kwa hiyo sehemu ndogo ya lita, mwendeshaji amekata breki iliyo bora kuliko zote alizo nazo, na kwenye pikipiki nyingi za zamani amezima hata taa ya mbele, inayotegemea mzunguko wa injini. Madereva wa malori wana kanuni kwamba gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, nayo inafaa hapa bila kubadilishwa neno. Na ile sproketi ya meno 13 inalipa mara ya pili: kama ilivyoongeza msukumo wa kupanda, inaongeza uzuiaji wa injini wakati wa kushuka kwa asilimia ile ile 7.7. Mtu aliyeifunga kwa ajili ya kupanda, kisha akashuka na frii, ametupa nusu ya faida aliyoilipia.

Uzito nao unageuka. Wakati wa kushuka unahamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini kwenye changarawe gurudumu la mbele likifunga umeanguka. Ndiyo sababu injini, inayozuia gurudumu la nyuma taratibu bila kulifunga, haina mbadala. Gunia lililofungwa vizuri kwa kupanda sasa linamsukuma mwendeshaji mgongoni. Linahitaji mpira mmoja zaidi unaolivuta kurudi kwenye keria, na mpira huo hufungwa kabla ya kuondoka.

Lami inayosogea kwenye barabara za mlimani, kama ile ya Kamukuywa, Kaptama, Kapsokwony hadi Sirisia, itabadilisha hesabu hii tena, na si kwa upande wa kupanda pekee. Kwenye changarawe mtu hushuka kwa kilomita 30 kwa saa kwa sababu mawe hayamruhusu zaidi. Kwenye lami atashuka kwa 50, na nishati ya kusimamisha chombo kwa 50 ni karibu mara tatu ya ile ya 30. Dramu ni zile zile. Kabla ya kuanza kushuka Kapsokwony, zungusha nati ya fimbo ya breki ya nyuma hadi pedeli ishike mapema, ingia gia ya pili ukiwa bado juu, na ukifika nusu ya mteremko simama, sogeza kiganja karibu na dramu bila kuigusa. Ukihisi joto linakupiga kabla hujafika, keti dakika kumi na tano. Usiimwagie maji.