Tairi Lisiiache Lami

Anayeishi Macquarie Fields, kitongoji cha Sydney, akiwa na gari moja tu analolipenda ana barabara mbili za kulifikiria. Ya kwanza ni ya kila siku: mitaa ya nyumbani yenye matuta na viraka vya lami, stesheni ya treni, dukani, shuleni kwa watoto, kisha barabara kuu ya M5 asubuhi pamoja na wenzake wanaowahi kazini. Ya pili iko kaskazini, mwendo wa nusu saa hivi kwa M7 foleni isipobana: uwanja wa mbio wa Eastern Creek, uliofunguliwa mwaka 1990 na ambao tangu 2012 unaitwa Sydney Motorsport Park. Njia yake kuu ina kilomita 3.93, na siku zinazotengwa kwa watu wa kawaida unalipa, unavaa helmeti, unaingia na gari lilelile lililobeba mchele na unga jana yake. Gari hilo linatakiwa lifike salama, likimbie kweli, na jioni limrudishe mwenyewe nyumbani bila kumvunja mgongo. Kazi ya kulipatanisha na barabara hizo mbili ndiyo ninayoisifu hapa, kwani ni ufundi wenye akili nyingi na wasifiaji wachache. Injini ina waimbaji wake. Springi na shokapu zimejificha nyuma ya tairi, zinakula vumbi na tope, na mtu huzikumbuka siku zinapoanza kugonga.

Wengi huanza na kimo. Gari lililolala chini linapendeza machoni, na springi fupi hufungwa mchana mmoja. Lakini tairi halina habari na kimo. Linataka jambo moja, kuendelea kuigusa lami, tena kwa mgandamizo usiopanda na kushuka ovyo. Likiruka hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, breki haina cha kushika na usukani haugeuzi gari. Springi, shokapu, bushi na stabilaiza zote zimewekwa kwa ajili ya hilo, na kila uamuzi wa kununua unafaa kupimwa kwa hilo.

Tuanze na springi, maana hesabu yake ni nyepesi. Chukua kona moja ya gari, yenye kilo 300 juu ya springi. Gari la starehe hudunda kwa asili yake karibu mara moja na robo kwa sekunde, na kwa uzito huo springi, ukiipima pale kwenye tairi, inakuwa na ugumu wa kilo 1.9 hivi kwa milimita. Ukitaka kona hiyo idunde mara mbili kwa sekunde, kiasi kinacholifaa gari la uwanjani ambalo bado lina kazi mjini, unahitaji karibu kilo 4.8. Mdundo umeongezeka kidogo tu masikioni, lakini ugumu umeongezeka mara mbili na nusu. Hapo ndipo seti za kuagiza humdanganya mtu: namba kwenye boksi inaonekana imepanda kwa adabu, kumbe tako la abiria litaisikia kila kiungo cha daraja la M7.

Kisha springi haijui kunyamaza. Ukiibonyeza inaweka nguvu, ukiiachia inazirudisha zote, na ingeendelea kudunda mpaka ichoke yenyewe. Anayeizima ni shokapu, inayozigeuza nguvu hizo kuwa joto ndani ya mafuta. Kwa hiyo springi ngumu juu ya shokapu ya kiwandani ni ndoa mbaya. Shokapu ilipangwa kwa nguvu ndogo, sasa inaburutwa na kubwa, na gari linaruka baada ya tuta kama halina kitu chini. Kwangu mimi uchaguzi wote unaanzia hapa: nunua shokapu, halafu utafute springi inayoifaa.

Ndani ya shokapu kuna uzuri ambao wenye magari wengi hawajawahi kuuona. Fundi wa kazi hii huifungua juu ya meza safi, anaichomoa fimbo, na mwishoni mwake kuna pistoni yenye matundu. Juu ya matundu hayo vimelala visahani vya chuma, vingine vya unene wa milimita 0.10, vingine 0.15, vingine 0.20, vyembamba kuliko ukucha, vimepangwa kutoka chenye kipenyo kikubwa hadi kidogo. Mafuta yanaposukumwa, visahani vinapinda na kuyapisha. Badilisha kimoja tu, weka 0.20 palipokuwa na 0.15, na gari zima linabadilika tabia. Nimemtazama fundi akivipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano, akikipima kila kimoja kwa maikromita, akipitisha kidole ukingoni mwake kutafuta unywele wa chuma. Unywele mmoja ukikizuia kisahani kisilale sawasawa, mafuta yanapenya pembeni na kazi yote ya asubuhi imeharibika. Baada ya hapo anaisukuma pistoni polepole, juu na chini, mpaka viputo viishe kabisa, anajaza naitrojeni, anaifunga kwenye mashine inayochora grafu ya nguvu dhidi ya kasi. Shokapu ya kulia na ya kushoto zikichora mistari miwili isiyolingana, anafungua tena. Hakuna mteja ambaye angegundua tofauti ile siku ya kwanza. Yeye anaijua, na hiyo inamtosha kuanza upya.

Siri ya gari la barabara mbili imo katika visahani hivyo. Shokapu hufanya kazi katika kasi mbili. Dereva anapokata kona, anapokanyaga breki au kuongeza moto, bodi inalalia upande au inainama, na pistoni inakwenda taratibu. Tairi linapokanyaga shimo au kingo ya zege, pistoni inapigwa ghafla. Mwendo ule wa taratibu unatokana na matendo ya dereva, na huu wa ghafla unatoka barabarani. Shokapu nzuri inatofautisha. Inamkazia dereva, ili gari liitikie usukani mara moja, na inailegezea barabara, ili tairi lipande juu ya shimo bila kuinua gari zima. Shokapu mbovu inakaza kotekote, na mwenye gari anadhani ugumu ule ndio unaolifanya gari kuwa la michezo. Anateseka Macquarie Fields siku sita, halafu siku ya saba pale Eastern Creek tairi lake linarukaruka juu ya ukingo wa kona, na anapitwa na gari laini kuliko lake.

Sisi wa Afrika Mashariki tulifundishwa somo hili mapema, na darasa lilikuwa Safari Rally. Mbio zile zilianza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi, mawe na tope la masika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mdogo wake 504 akashinda 1975 na 1978. Yalikuwa magari yenye springi za mwendo mrefu, laini, yaliyopokea shimo kwa utulivu kisha yakakaa, na Peugeot ilikuwa ikijitengenezea shokapu zake yenyewe. Wazee waliopanda Pijo za abiria wanakumbuka ukaaji ule. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano, alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Dereva aliyetoka gerejini anajua kwamba gari linalonyumbulika vizuri linafika, na linalofika ndilo linaloshinda. Ulaini wenye nidhamu si ulegevu.

Lami ya Sydney haina vumbi la Kedong kule Kenya, lakini sheria za mwendo ni zilezile. Mhandisi Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce kwenda Cadillac nchini Marekani mwaka 1930, aligundua kwamba gari la kustarehesha linataka nyuma idunde kwa kasi zaidi kidogo kuliko mbele. Tairi la mbele linalipata tuta kwanza, la nyuma baadaye, na nyuma ikiwa na mdundo wa haraka zaidi inaiwahi mbele, gari linatulia bila kupiga mbizi kama mashua. Anayechagua springi leo akitazama ugumu wa mbele tu, ajue kuna mtu aliyeifanyia kazi hesabu ya nyuma karibu karne moja iliyopita.

Kimo nacho kina hesabu yake, na hapa nasisitiza kwa sababu magari mengi ya Kijapani tunayoyapenda, Subaru Impreza na Toyota 86 yakiwemo, yana mbele mfumo wa MacPherson. Mkono wa chini unatakiwa uinamie tairi au uwe sambamba na barabara. Ukilishusha gari mpaka ncha ya nje ya mkono ikapanda juu ya ile ya ndani, kitovu ambacho bodi huzungukia wakati wa kulala kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe, na gari lililoshushwa linaanza kulalia upande zaidi kuliko mwanzo. Tena limebakiwa na nafasi ndogo kabla ya kugonga mpira wa kikomo, na linapougonga katikati ya kona mshiko unakatika. Kanuni za Australia zinakubaliana na fizikia: bila cheti cha mhandisi hutakiwi kupunguza zaidi ya theluthi ya nafasi ya awali ya tairi kupanda, na springi isilegee kwenye kikalio chake tairi linaponing'inia. Gari la Sydney lililozidi miaka mitano hukaguliwa kila mwaka kabla ya kulipiwa usajili, kwa hiyo mkaguzi atachungulia huko chini.

Uwanjani ndipo kazi inapokamilika. Eastern Creek huzungukwa kinyume cha saa, na kona ya kwanza ni ya kushoto yenye kasi kubwa, kwa hiyo matairi ya kulia yanabeba mzigo mkubwa. Gari likiingia pembeni, kabla mpira haujapoa, fundi anachoma sindano ya kipimajoto mahali patatu: ndani, kati, nje. Nje ikiwa moto kuliko ndani, tairi linasimamia bega lake na linahitaji kuinamishwa ndani zaidi kwa juu. Kati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Anaandika, anabadilisha jambo moja tu, anamrudisha dereva. Subira hiyo ya jambo moja kwa wakati ndiyo ninayoiheshimu kuliko mashine yoyote iliyomo karakanani, maana kila mtu aliyemzunguka anamhimiza ageuze vitatu kwa mpigo.

Anayeniuliza aanzie wapi namwambia kwanza atazame matairi na bushi. Bushi iliyopasuka haiponi kwa shokapu ya bei mbaya. Kisha shokapu inayofunguka, springi za kiasi, na alaimenti iliyofanywa na mtu anayeuliza gari linakwenda wapi. Stabilaiza ije mwisho, kwa ajili ya kusawazisha mbele na nyuma, kwani inaunganisha tairi la kushoto na la kulia, na ikizidi ugumu, tuta la upande mmoja linautikisa na upande wa pili. Zipo seti za bei nafuu zinazojinadi kwa hatua 32 za kurekebisha, na ukizigeuza zote grafu haisogei. Afadhali shokapu yenye hatua chache ambazo kila moja inasikika usukanini. Mafuta yake yakichoka haitupwi: inafunguliwa, inaoshwa, inawekewa sili na mafuta mapya, na kama mwenyewe amehamia matairi yenye mshiko zaidi, visahani viwili vitatu vinabadilishwa hapohapo mezani na grafu inachorwa upya.