Seli na Mipaka Yake: Uhakiki wa Istilahi Chache za Elimuviumbe

Istilahi ina kazi mbili: kukitaja kitu, na kukitenga na jirani yake. Katika maandishi mengi ya sayansi kwa Kiswahili kazi ya kwanza hutimizwa, lakini ya pili husahauliwa. Hitilafu hiyo hudhihirika zaidi katika istilahi zinazohusu muundo wa seli, kwa sababu uhai wenyewe wa seli unategemea mipaka: cha ndani na cha nje, chenye utando na kisicho nao. Mfasiri akiichanganya mipaka hiyo, msomaji hana pa kuipata tena.

Tuanze na jina lenyewe. Wapo wanaolikataa neno seli kwa kuwa ni la kutoholewa, wakapendelea chembe. Twaiheshimu nia yao, lakini hatukubaliani nao. Chembe ni punje: chembe ya mchanga, chembe ya mtama, na wanafizikia wamekwisha kulitumia kwa vitu visivyo na uhai. Punje haituambii kwamba ndani yake mna viungo vyenye kazi mbalimbali. Hoja kwamba seli halijielezi nayo haina uzito. Mwaka 1665 Robert Hooke alipoitazama koki kwa hadubini, aliona vijumba vilivyopangana, akavipa jina lenye asili ya Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Alichokiona ni kuta tupu za mmea uliokufa. Jina likadumu, maana ikakua. Kwa maoni yetu, chembe libaki pale linapostahili, kwa mfano katika chembe sahani za damu, ambazo kweli ni vipande tu vya seli.

Kosa lenye madhara zaidi ni kuuita utando ukuta. Kila seli ina utando, ambao unene wake ni takriban sehemu moja ya laki moja ya milimita, nao huchagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Ukuta ni kitu kingine: uko nje ya utando, ni mgumu, nao hupatikana katika mimea, kuvu na bakteria walio wengi. Seli za wanyama hazina ukuta. Amiba naye hana, ndiyo maana aweza kubadili umbo lake na kujisogeza kwa miguu bandia.

Huenda msomaji akadhani kwamba twabishania maneno matupu. Basi na aitazame penisilini, dawa ambayo chanzo chake kiligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928. Dawa hiyo huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria. Maji huingia, na bakteria hupasuka. Seli za mgonjwa husalimika kwa kuwa hazina ukuta wa kubomolewa. Mwalimu aliyefundisha kwamba kila seli ina ukuta atalijibuje swali la mwanafunzi anayeuliza kwa nini dawa haimuui mgonjwa pamoja na ugonjwa wake? Jibu limo katika tofauti ya maneno mawili tuliyo nayo tayari.

Kuhusu utando, wengine hutumia kiwambo. Neno hilo latokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma. Lakini utando wa seli haukukazwa namna hiyo. Ni laini, nao hujikunja na kujiunga tena. Utando lafaa zaidi.

Kiini nalo lataka uangalifu. Robert Brown alipokipa kiini cha seli jina mwaka 1831, alitumia neno la Kilatini lenye maana ya kokwa. Kwa hiyo kiini ni tafsiri aminifu. Taabu ni kwamba tuna pia kiini cha atomi, kiini cha habari na kiini cha yai. Hilo la mwisho hupotosha kabisa. Katika yai la kuku lisilorutubishwa, kile tukiitacho kiini ndicho seli yenyewe, na kiini cha seli hiyo kimo katika doa dogo jeupe lililo juu yake. Aidha, tusemapo kwamba bakteria hana kiini, hatusemi kwamba amekosa asili ya urithi wake. Twasema kwamba DNA yake haikuzungushiwa utando. Mfasiri hana budi kuandika kiini cha seli kwa ukamilifu, hata kama sentensi itarefuka.

Mwisho ni neno vijidudu, ambalo katika matangazo ya afya hubeba mizigo mitatu. Kimelea cha malaria ni kiumbe cha seli moja chenye kiini cha seli. Bakteria ni seli moja isiyo na kiini hicho. Virusi si seli kamwe. Wote wakiitwa vijidudu, mwananchi ana haki ya kudhani kwamba dawa moja yawaua wote, naye ataomba viuavijasumu kwa ajili ya mafua, ambayo husababishwa na virusi. Dawa hazitamfaa, na bakteria waliomo mwilini mwake watapata nafasi ya kuzoea dawa hizo. Neno vijasumu lenyewe lina kasoro kwa kuwa ladokeza sumu, hali bakteria wengi hawana madhara, na wengine hutusaidia tumboni.

Twapendekeza, basi, kwamba vitabu vya shule, miongozo ya waalimu na matangazo ya idara zitenge seli na chembe, utando na ukuta, bakteria na virusi. Lugha haikosi maneno hayo. Yaliyobaki ni nidhamu ya kuliacha kila neno lifanye kazi yake.