Vazi la tovuti lililokatwa kwa kipimo cha Kiingereza

Tovuti za Kiswahili zinazoanzishwa na shule, vyama vya wanafunzi na vikundi mbalimbali hapa Kampala zinaongezeka, na hilo ni jambo la kupongezwa. Nyingi kati ya zile tunazozisoma zimejengwa kwa WordPress, programu huria iliyotolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003. Mwenye tovuti huchagua sura iliyokwisha kutengenezwa, huongeza programu jalizi mbili tatu, hubadilisha rangi na ukubwa wa herufi kwa mistari michache ya CSS, na kazi imekwisha. Hatuna ugomvi na njia hiyo. Ni nafuu, na hata mwalimu asiye fundi wa kompyuta anaweza kuifuata. Ugomvi wetu ni na lugha inayobaki pale fundi akishaondoka.

Kwanza tuseme neno juu ya istilahi. Ile sura iliyotengenezwa tayari wengi huiita "mandhari". Kwa mwanafunzi wa fasihi neno hili lina kazi yake: ni mahali na wakati ambamo hadithi hutokea, na mtihani humtaka asilichanganye na dhamira wala maudhui. Wengine wanalitumia tena kwa picha inayokaa nyuma ya skrini ya simu. Sisi katika makala haya tutasema "vazi", maana ndivyo kitu chenyewe kilivyo: hubadilishwa asubuhi na jioni bila kuugusa mwili, yaani makala na picha zilizomo.

Sasa tazama tovuti ya namna hii. Katikati ya ukurasa kuna makala mazuri juu ya methali, Kiswahili chake fasaha, mwandishi amejitahidi. Juu yake pameandikwa "Home". Chini yake "Posted on July 7" na "Leave a Reply". Mwenye tovuti akiulizwa husema hayo ni maneno madogo tu yaliyokuja na vazi. Hatukubaliani naye. Maneno hayo hurudi katika kila ukurasa. Msomaji wa makala kumi huyaona mara kumi, huku kila makala akiyasoma mara moja. Na msomaji wetu wa Uganda mara nyingi ni mwanafunzi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Luweero au Mbale asiye na msemaji wa Kiswahili nyumbani atajifunza kwa anachokiona kimeandikwa, na hatabagua kati ya makala na vazi.

Mji huu una historia yake katika jambo hili. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 kwa takriban miaka 10. Vitabu vya shule vilipitiwa na jicho la Kamati hiyo kabla ya kuidhinishwa. Unaweza kuilaumu Kamati kwa mengi, nasi tumewahi kuilaumu darasani, lakini hatudhani kwamba ingepitisha kitabu cha Kiswahili chenye vichwa vya kurasa vya Kiingereza.

Wako wanaojitahidi kutafsiri vazi, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kosa la kawaida ni "Nyumbani" kwa ukurasa wa kwanza. Nyumbani ni kwa mtu. Tovuti ina mwanzo, na Wikipedia ya Kiswahili imefanya vyema kuuita ukurasa wake mkuu "Mwanzo". Hilo ni kosa la kuchagua neno, nalo hurekebishwa kwa dakika moja. Lililo zito ni la sarufi.

Vazi limekatwa kwa kipimo cha lugha isiyo na ngeli. Mshonaji ameandika neno moja la kuonyesha kwamba jambo limepita, akaliacha liungane na muda wowote utakaojitokeza. Mtafsiri akiandika "zilizopita", atapata "siku 2 zilizopita" na "dakika 5 zilizopita", na atafurahi. Mwezi ukitimia tovuti itaandika "mwezi 1 zilizopita", na mwaka wa pili "miaka 2 zilizopita". Hakuna neno moja la -o rejeshi litakalotosha mwezi, miezi, saa na siku kwa pamoja. Mtafsiri mwerevu hukimbilia neno lisilo na upatanisho: "miaka 2 nyuma", "siku 2 nyuma". Si Kiswahili tunachokipenda sana, lakini hakivunji kanuni. Bora zaidi ni kuiacha hesabu hiyo kabisa na kuonyesha tarehe kamili, "7 Julai 2022". Jambo hili hubadilishwa katika mipangilio, wala halihitaji fundi.

Ndivyo ilivyo kwa kivumishi -pya. Picha ni mpya, tangazo ni jipya, kiungo ni kipya, na Kiingereza kina neno moja kwa yote. Watengenezaji wa WordPress walilitambua tatizo hili. Toleo la 2.8 la mwaka 2009 liliwapa washonaji njia ya kuambatanisha neno na muktadha wake, ili mtafsiri alitafsiri mara nyingi kwa namna tofauti. Lakini mshonaji ambaye lugha yake haimdai jambo hilo husahau. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya tasnifu wangefaidika kulitazama suala hili. Limejaa mifano ya upatanisho ambayo haimo katika vitabu vya sarufi.

Kuhusu programu jalizi, tutenge aina mbili. Iko ile inayomruhusu mtu kutafsiri mwenyewe maneno ya vazi, kama Loco Translate, nayo tunaipendekeza kwa sababu inaweza kuihifadhi kazi yake katika kabrasha la pembeni. Anayefuta Kiingereza ndani ya faili za vazi lenyewe ajue kwamba vazi likisasishwa tafsiri yake yote itafutika. Aina ya pili hubandika kitufe cha tafsiri ya mashine na kuugeuza ukurasa mzima papo hapo. Google ilianza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009 na Luganda mwaka 2022, na mashine hizo zimeboreka sana. Hata hivyo, idara au shule inayofundisha lugha ikiweka kitufe hicho badala ya kuandika, mwanafunzi atauliza analipia nini.

Katika CSS tutagusia machache. Vitenzi vyetu ni virefu, na skrini ya simu ni nyembamba. Vazi linalonyoosha aya pande zote mbili huacha mapengo makubwa kati ya maneno. Liambiwe linyooshe upande wa kushoto tu. Vazi linalokata maneno mwishoni mwa mstari hufuata lugha ambayo ukurasa umejitangazia. Ikiwa tovuti bado imesajiliwa kuwa ya Kiingereza, unaweza kukuta "mwan-afunzi" badala ya "mwana-funzi". Usajili huohuo ndio unaoiongoza programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, na tovuti ya Kiswahili iliyosajiliwa kwa Kiingereza humsomea maneno kwa matamshi ya Kiingereza hata asiyatambue. Dawa ni kuchagua Kiswahili kuwa lugha ya tovuti katika mipangilio ya jumla. Inashangaza jinsi hatua hii rahisi inavyorukwa na watu waliokesha wakichagua rangi. Na kwa rangi: njano ya bendera yetu ni nzuri kwenye bendera. Maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe hayasomeki.

Tumalizie na kalenda ndogo inayokaa pembeni, ambayo mavazi mengi huwa nayo. Kila siku huonyeshwa kwa herufi yake ya kwanza. Kwa Kiswahili matokeo ni J, J, J, J, A, I, J. Luganda hakina nafuu: Ssande, Bbalaza, kisha L tano mfululizo. Hapa Kampala tatizo ni kubwa kuliko Dar es Salaam, kwa sababu Luganda huhesabu kuanzia Bbalaza na Kiswahili kuanzia Jumamosi. Lwakuna, siku ya nne, ni Alhamisi. Jumanne, yenye nne ndani yake, ni Lwakubiri. Mwanafunzi anayefikiri kwa Luganda tayari anakosea siku ya mtihani wa majaribio bila msaada wa kalenda. WordPress inaruhusu herufi hizo zitafsiriwe, na hailazimishi herufi moja tu. Inaruhusu pia kuchagua siku ya kuanzia juma. Sisi tunapendekeza Ms, Pl, Tt, Nn, Tn, Al, Ij, kuanzia Jumamosi kama majina yenyewe yanavyohesabu. Baadhi ya wenzetu katika idara wanasema kuanzia Jumamosi kutawachanganya wazazi waliozoea kalenda ya ukutani inayoanza Jumapili au Jumatatu, na wangependa Jpl, Jtt, Jnn ingawa nafasi ni finyu. Mwenye vifupisho vingine na alete hoja yake kwa mhariri kabla ya toleo lijalo.