Pongezi kwa Watunza Kiini cha Linux
Kila simu ya Android inayouzwa mjini Kiwanja au kuchajiwa kwa sola huko Rutshuru ina kiini (kernel) cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Nawapongeza wanaokitunza kwa sheria yao ngumu: kiini kikibadilishwa, programu iliyofanya kazi jana isivunjike leo. Ikivunjika, kosa huhesabiwa kuwa la kiini, hata kama mwandishi wa programu alikitumia vibaya.

Tazama suala la saa. Mashine za biti 32 zilihesabu sekunde tangu 1970 kwa namba itakayojaa tarehe 19 Januari 2038. Wangeipanua namba ile palepale, programu za zamani zinazotumia saa hiyo zingesoma tarehe za ovyo. Hawakufanya hivyo. Mwaka 2019, katika toleo la 5.1, waliongeza miito mipya (njia ambazo programu hukiomba kiini huduma) yenye saa ya biti 64, wakaiacha ya zamani mahali pake, kwa namba zake zilezile za utambulisho. Kazi hiyo ilichukua miaka, na haionekani kwa mtumiaji. Kila mlango wa zamani unaobaki wazi unataka mtu wa kuulinda.

Ndiyo maana programu kuukuu, iliyohamishwa kwa Bluetooth toka simu hadi simu, ni nadra kuzuiwa na kiini kipya. Kwa anayenunua mega za intaneti kwa shida, kutolazimika kupakua toleo jipya ni jambo kubwa. Vijana wa Rutshuru na Goma mnaoandika programu, igeni desturi hii: mkiongeza kipya, msimvunjie mtu anachokitegemea.